Mwaka Tuliokula Figili

Tulipomzika Shangazi Rispa mwezi uliopita, nilizunguka nyuma ya nyumba yake pale Kendu Bay kutafuta beseni la kunawia, nikalikuta lile friza. Lilikuwa limesukumwa ndani ya banda la kuku, mfuniko umefungwa kwa ukanda wa mpira pale palipokuwa na kufuli, na ndani mlikuwa na chakula cha kuku nusu gunia. Nikafungua, nikaingiza kichwa changu chote, pamoja na kilemba cha msiba, nikavuta pumzi. Nilitaka kujua kama bado linanuka mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Linanuka. Nikiwa bado nimeinama hivyo, mtu akasema nyuma yangu, "Unatafuta figili? Zilikwisha." Sikuhitaji kugeuka. Kuna sauti moja tu inayoweza kunitania matangani, nayo ni ya Bhoke wa Ntimaru, ambaye sikuwa nimemwona tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi. Tulikumbatiana hapo hapo kwenye mavi ya kuku, tukalia, kisha tukacheka mpaka mke wa mchungaji akaja kuchungulia kuna nini.

Mimi ni mpishi wa shughuli mjini Migori. Harusi, matanga, mikutano ya wakubwa wenye matumbo na wasio nayo, nimewalisha wote, na hakuna mtu aliyewahi kunikodi kisha akaona haya mbele ya wageni wake. Nasema hivyo bila kunong'ona kwa sababu ni kweli. Wasichana ninaowafundisha kazi huniuliza nilisomea chuo gani, nami huwajibu kwamba nilisomea figili, nao hutazamana wakidhani mama ameanza kuchanganyikiwa. Basi acha niwaeleze mara moja iishe. Habari za kwetu na za wazazi wangu nitaziruka. Zina mahali pake na si hapa. Inatosha kusema kwamba katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo hazikumfurahisha mtu wala kumliza, nikapelekwa kwa Shangazi Rispa, dada mdogo wa baba, nikae nikisubiri. Nikisubiri nini, hakuna aliyesema. Nilikaa mwaka mmoja, na kazi yote ninayoifanya leo kwa mikono hii ilianzia katika mwaka ule.

Nyumba ya Shangazi ilikuwa na sebule moja kubwa, na mwenye sebule hasa alikuwa friza. Jikoni, kibanda cha mabati uani, hakukuwa na umeme, kwa hiyo lilikaa ndani pamoja na makochi, limefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, redio juu yake. Likianza kunguruma, mgeni aliyeketi karibu alishtuka. Shangazi aliwauzia barafu wachuuzi wa samaki, na mara nyingine mchuuzi aliyekosa gari alimwomba amlazie mbuta wake humo mpaka asubuhi, ndiyo maana sebule yetu, pamoja na usafi wake wote, ilikuwa na harufu yake. Chai haikunywewa katika nyumba ile, kwa ajili ya kanisa letu la Wasabato. Tulikunywa soya iliyokaangwa ikasagwa, nzito, yenye sukari nyingi, na mpaka leo nikiumwa ndiyo ninayoitaka. Nililala chumba kimoja na Bhoke, msichana wa Kikuria aliyekuja kumsaidia Shangazi kazi, mkubwa kwangu kidogo, mwenye mabega ya kubeba magunia na mdomo usiopumzika. Yeye Dholuo hakukijua, sisi Kikuria hatukukijua, na Shangazi aliweka sheria kwamba ndani ya nyumba yake hakuna mtu atakayesemwa kwa lugha asiyoielewa. Basi tukawa nyumba ya Kiswahili katikati ya Kendu Bay, kila mtu na kibovu chake, na majirani wakatuita watu wa pwani.

Shangazi alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliolima kando ya ziwa. Ardhi haikuwa yao. Ilikuwa ya Min Ouko, yaani mama yake Ouko, mjane mwenye ng'ombe wengi na sauti ya kuwaita wote kwa mara moja, aliyewaazima kipande cheusi chenye rutuba karibu na maji. Humo walipanda sukuma wiki, nyanya na vitunguu, wakimwagilia kwa ndoo, wakishindana na viboko waliotoka ziwani usiku kula walichopanda mchana. Kisha akaja mpishi wa kambi moja ya wazungu waliokuwa wakipima dhahabu kule Migori, karibu na Osiri. Alikuja kununua nyanya, akaondoka ameacha pakiti za mbegu zenye picha ya kitu chekundu cha mviringo. Mabosi wake, alisema, walikuwa wanaumwa na hamu ya figili. Wanazila mbichi na chumvi na mkate wa siagi. Akina mama wakipanda, kambi itachukua zote. Shangazi alipenda kila kitu kipya. Friza lenyewe alilinunua kabla mtaa haujajua kazi yake. Akawashawishi wenzake wasafishe nusu ya shamba. Siku ya kupanda, Min Ouko alifika amefunga leso kiunoni, na kwa kuwa mpishi wa kambi alikuwa amerudi kutazama na Dholuo hakijui, maneno yote yalikwenda kwa Kiswahili, nami niliyasikia kila moja.

"Hii kitu inaliwa na nani?" Min Ouko aliuliza, pakiti ameishika kwa ncha za vidole.

"Na wazungu wa Osiri," Shangazi akasema.

"Na wazungu wakikataa?"

"Wakikataa, hakuna hata moja itatupwa. Itaingia kwa mdomo ya watu. Mimi Rispa nimesema."

"Sawa. Mimi nimesikia, na hawa wote wamesikia. Siku nikiona hiyo figili yako kwa takataka, shamba yangu inarudi. Napanda mahindi yangu."

Sijui kama umewahi kupanda figili. Hazina adabu. Mahindi hukupa nafasi ya kujipanga, lakini figili unageuka kidogo, ukirudi zimekwisha kutoa mabega nje ya udongo zinakuita. Zilikuwa tayari, nyekundu, nzuri kweli kweli, safu baada ya safu, siku ambayo mama mmoja muuza ndizi alirudi kutoka Migori, tukamuuliza kama ameona gari la kambi njiani. "Kambi gani?" akasema. "Si walikunja mahema? Wameacha mashimo tu." Alisema hivyo akiwa anapanga ndizi zake, bila kujua amesema nini. Shangazi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Na figili hazikungoja huzuni yake iishe; ukiziacha ardhini zinapasuka, zinakuwa na uwazi ndani na ugumu wa kizibo. Kilichokuja kututia aibu kabisa ni viboko. Usiku ule ule walipita shambani, wakala sukuma, wakakanyaga vitunguu, wakafika mwanzo wa figili, wakazizunguka kwa heshima, wakarudi majini. Nyayo zilionekana wazi asubuhi. Min Ouko alisimama kwenye ua akacheka mpaka akashika mti. "Kiboko amekataa!" akapiga kelele, ziwa zima lisikie. "Kiboko! Sasa mtu atakula?" Sokoni waliurudia mzaha huo mpaka ukachuja.

Tuling'oa zote na kuzileta nyumbani kwa wilbaro. Zilijaa jikoni, zikajaa bafuni, na chini ya kitanda changu kulikuwa na magunia mawili yaliyonukia udongo. Majani yalikuwa rahisi: tuliyapika na njugu karanga, tukawagawia wanakikundi, yakaisha kwa furaha. Shida ilikuwa zile zenyewe. Tulizikata kwenye kachumbari mahali pa vitunguu. Tulizitia kwenye maharagwe. Tulizikaanga na mayai, tukazikaanga bila mayai, tukazikwaruza juu ya ugali. Ukali wake ulipanda puani, na ulipopikwa ukageuka uchungu wa pembeni uliobaki mdomoni mpaka maombi ya jioni. Majirani walipokea sahani ya kwanza kwa shukrani na ya pili kwa subira. Ya tatu walimwona Bhoke anakuja, wakafunga mlango. "Kesho tutakunywa soya ya figili," Bhoke alisema mezani. Shangazi hakucheka. Alikuwa anakula sahani yake yote kila mlo, akitafuna taratibu, macho ukutani, kama mtu anayetimiza neno. Nilimpenda sana wakati ule, na nilimwonea huruma, na nilikuwa mdogo mno kumwambia lolote kati ya hayo.

Sikujua uzito wa jambo lenyewe mpaka jioni moja nilipokuwa nikiosha vyombo uani. Akina mama wawili wa kikundi walikuwa wameketi na Shangazi nyuma ya ukuta wa mabati, na waliongea chini chini. Mmoja alisema Min Ouko ameshaonekana akiulizia mbegu za mahindi. Mwingine akasema, "Rispa, mimi siwezi kurudi ufukweni. Siwezi kurudi kumchekea mvuvi ndiyo anipe samaki wa kuuza. Hiyo shamba ndiyo ilinitoa huko." Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja anakoishi. Nilikuwa nimekaa Kendu Bay muda wa kutosha kujua mvuvi huchekewa vipi na hutaka nini zaidi ya pesa. Nilibaki na sufuria mkononi, povu linashuka kiwikoni, na tangu dakika ile figili haikuwa tena kichekesho kwangu. Ikitupwa, mama yule atarudi ufukweni. Nikaona nitakula hata kizibo.

Wokovu, kama ulikuwapo, ulikuwa makambi. Kila mwaka kanisa letu hufanya mkutano mkubwa, watu wanapiga mahema na kukaa wiki nzima wakisikiliza mahubiri, na mwaka ule wageni walikuwa waje kutoka Migori na pande nyingine nyingi, na waliopewa kazi ya kuwalisha walikuwa kikundi cha Shangazi. Umati wa namna ile unaweza kumaliza chochote. Lakini makambi yalikuwa wiki tatu mbele, na figili zilikuwa zimeanza kunywea kwenye magunia. Nikasema, "Waya," ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu, "si tuko na friza?" Shangazi akanitazama. Aliinuka, akaondoa redio, akaondoa kitambaa, akafungua mfuniko. Mlikuwa na barafu na mbuta mmoja wa mtu. Siku iliyofuata aliwaambia wachuuzi wa samaki kwamba barafu hakuna mpaka makambi yaishe. Walilalamika sana, na mmoja aliuliza kwa dhati kabisa ni maiti gani amewekwa humo.

Jaribio la kwanza sitaki kulisema kwa urefu. Tulizijaza nzima nzima, mbichi, zimeoshwa tu, tukafunga, tukalala tumetulia. Tulipotoa chache kuzijaribu na kuziacha ziyeyuke, Bhoke alichukua moja akaifinya, maji yakamtiririka mpaka kiwikoni, akabaki na ganda jekundu kama soksi ya mtoto. Akaionja. "Inanuka samaki pia," akasema. Shangazi alitoka nje. Ndipo nikakumbuka somo la sayansikimu, maharagwe mabichi, na mwalimu wetu akigonga meza: mboga haiingii kwenye baridi kabla ya kupita kwenye moto. Inachovywa kwenye maji yanayochemka kwa muda mfupi, inazimwa kwenye maji baridi, inakaushwa, ndipo igandishwe. Somo lile nililipita vizuri, tena ndilo nililopita vizuri peke yake. Nikamfuata Shangazi nje, nikamwambia niachie mimi. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Najua haujaniacha tangu hapo.

Tulilisugua friza kwa ndimu na majivu mpaka mikono ikawasha. Kisha tukaanza. Bhoke aliwasha moto mkubwa, mimi nikakata figili vipande vya unene wa kidole, tukavitia kwenye kipande cha wavu wa kuvulia tulichokifunga pembe nne, tukakitumbukiza kwenye sufuria inayochemka na kukiopoa tena. Maji yaligeuka rangi ya waridi, na mikono yetu pia. Tukavizima kwa barafu ile ile ya Shangazi, tukavitandaza juu ya leso safi vikauke, tukavipanga kwenye sinia vigande kwanza mbalimbali visishikane, ndipo vikaingia mifukoni. Hewa ya ndani ya mfuko tuliinyonya kwa mrija wa biro. Kilichotushinda ni muda. Jikoni hakukuwa na saa, na dakika chache zaidi figili inakuwa uji, chache pungufu inabaki sifongo. Nikapata wazo la kupima kwa wimbo: ukitumbukiza wavu, imba ubeti mmoja na pambio, kisha opoa. Vipande vyangu vilitoka vizuri kila mara. Vya Bhoke vililainika vyote. Nikamgombeza, akaapa kwamba anaimba ubeti mmoja tu, tena kwa moyo. Nikamwambia aimbe nisikie. Alikuwa Mkatoliki, na alikuwa anaimba wimbo wa kwao wa kuingilia kanisani, ule wa maandamano, ambao padri anatoka mlangoni mpaka madhabahuni kabla neno la kwanza halijaisha. Nilikaa chini kwa kucheka.

"Sasa makosa yangu ni nini?" Bhoke akauliza. "Nyinyi mnaimbia Mungu kama mnakimbiza gari."

"Mungu atakusikia hata ukifupisha, Bhoke. Figili ndiyo haina subira."

"Basi nifundishe huo wenu wa mbio."

Nikamfundisha. Mpaka magunia yanaisha, Bhoke alikuwa akiimba nyimbo zetu kuliko vijana wa kwaya, na Shangazi alikuwa akisimama mlangoni kusikiliza akijifanya anatafuta ufunguo. Lile friza lilijaa mpaka mfuniko ukahitaji kukaliwa. Hakuna hata moja tuliyoitupa. Zile zilizoharibika mwanzo tulizikamua tukazila sisi watatu, pamoja na harufu ya mbuta, na Shangazi akashukuru kwa sala ndefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Makambi yakafika, na mahema yakajaa. Mlo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mchana wa Sabato, na asiyejua mambo yetu aelewe kwamba siku hiyo hakuna kupika. Chakula cha Sabato kinapikwa Ijumaa kabla jua halijazama. Kesho yake kinapashwa tu. Shangazi alilichukulia jambo hili kwa uzito wote aliokuwa nao. Ijumaa mchana alituamuru tutoe mifuko yote ya figili, yote kabisa, kwa sababu aliogopa kwamba kesho mtu ataanza kufungua friza, na kufungua kutaleta kukata, na kukata kutaleta moto. Nilimwambia mingine ibaki ya Jumapili. "Kesho hakuna mtu kugusa hiyo friza," akasema, na hapo maneno yakaisha. Tukaitoa, tukaipanga chini ya kivuli kwenye uwanja wa makambi. Jua la Kendu Bay unalijua. Alasiri haijafika, mlima wetu wa figili ulikuwa umeyeyuka wote kwa pamoja, maji mekundu yanatambaa chini, na kilichoyeyuka hivyo hakiwezi kurudi kwenye baridi wala kungoja mpaka Jumapili. Ama kinapikwa chote kabla ya jua kuzama ama kinatupwa. Na masufuria ya kanisa yalikuwa yamejaa wali na maharagwe. Shangazi alitazama jua, akatazama figili. Masufuria makubwa ya ziada, yale ya matanga, yalikuwa ya mtu mmoja tu pale karibu, Min Ouko.

"Siwezi kwenda," Shangazi akasema. "Huyo anangoja tu hii."

Nikamshika Bhoke mkono tukaenda. Njiani sikujua nitasema nini, na nilipofika niliona sina cha kusema ila ukweli. Min Ouko alikuwa jikoni kwake, giza la moshi, vyungu vimepangwa ukutani kwa ukubwa. Alikuwa anachuja maziwa. Alimwona Bhoke, kwa hiyo akatuuliza kwa Kiswahili tunataka nini.

"Mama, tunaomba masufuria yako," nikasema. "Figili zote zimeyeyuka. Zisipopikwa kabla jua halijazama tutazitupa, na tukizitupa shamba linarudi kwako."

Akaweka kibuyu chini. "Ngoja. Unakuja kuniomba nikusaidie unishinde?"

"Ndiyo, Mama."

Bhoke alinibana kidole. Min Ouko alinitazama tangu unyayoni mpaka utosini, na niliacha anitazame. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Mnazipika na nini?"

"Chumvi na kitunguu."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Na hiyo ndiyo mnataka kupea wageni ya Migori?" Alikuwa amekwisha kusimama. "Waende kwao waseme huku kwetu hatujui kupika mboga? Yaye! Wewe, mwenye mabega, beba hizo mbili. Wewe beba maziwa. Na mwambie Rispa akae mbali, asinishikie mwiko."

Alifika uwanjani akitembea mbele ya masufuria yake mwenyewe kama askari. Alionja kipande kimoja, akatema, akaamuru tukamue maji yote. Alituma watu shambani kwake wakachume kunde na mnavu, majani ya kutosha kufunika mikeka. Akachanganya, akachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaweka maziwa, akaongeza maziwa, akaonja, akaweka samli. Kila mboga chungu ya kwetu hupikwa hivyo: unaipika na maziwa, unailaza, kesho unaipasha na maziwa mengine, na kila ikilala inaacha ukali wake. Nilikuwa nimekula mboga iliyolala tangu nizaliwe, na haikunijia hata mara moja kwamba kitu cha wazungu wa Osiri kinaweza kulazwa nacho. Shangazi alisimama mbali kama alivyoamriwa, mikono nyuma. Jua lilipogusa maji ya ziwa, Min Ouko alifunika sufuria ya mwisho, akavuta kuni nje, akafuta jasho kwa leso. "Sasa ilale," akasema. Sisi sote hatukulala vizuri kama ile mboga.

Kesho yake mchana, baada ya mahubiri, tulipasha kwa makaa yaliyobaki na Min Ouko akaongeza maziwa yake. Nilikuwa wa kwanza kuonja kwa sababu nilikataa mtu mwingine awe wa kwanza. Uchungu ulikuwa umekwenda. Kilichobaki kilikuwa kitamu cha taratibu, laini, na ndani yake ile figili ikitafunika kidogo, ikikukumbusha ipo. Niligawa mimi mwenyewe. Watu walikula, wakarudi, wakapanga foleni ya pili, na watoto walikwangua masufuria kwa mkate. Baba mmoja kutoka Migori alimwendea Min Ouko akamuuliza mboga hii inaitwaje, hajawahi kuiona. Shangazi alikuwa karibu, mimi na Bhoke tulikuwa karibu, na wale mama wawili wa nyuma ya ukuta walikuwa karibu wakiwa na sahani tupu mikononi. Min Ouko alitupitisha macho wote. Kisha akamjibu yule baba, kichwa juu, "Hiyo ni mboga yetu ya hapa. Kwenu hakuna."

Jumapili alikuja nyumbani, akakaa kwenye kochi la karibu na friza, akakataa soya, akabadili mawazo akainywa. "Rispa," akasema, "ile mbegu ilibaki?" Ilibaki pakiti moja. "Basi panda. Lakini ile upande ya kunde usiguse." Hilo ndilo lililokuwa neno la mwisho kuhusu shamba, na akina mama wale wanalilima mpaka leo, wao na wakwe zao. Yule aliyesema hawezi kurudi ufukweni hakurudi. Mimi nilikaa mpaka mwaka ukaisha, nikishika mwiko pembeni ya Min Ouko kila palipokuwa na shughuli, na nilipoondoka sikuwa nasubiri tena.

Haya yote tulikuwa tunayakumbushana, mimi na Bhoke, pale tulipokaa chini ya turubai baada ya maziko, tumevua viatu, miguu imevimba. Min Ouko alitangulia zamani; sasa tulikuwa tumemfukia Shangazi, na nilihisi nimebaki bila mtu wa kunikatalia neno. Watu walianza kugawiwa chakula. Safari hii sikuwa nimepika mimi, kwa sababu akina mama wa shamba walikataa kabisa niguse. Mtu wao, walisema, watamlishia wageni wenyewe. Akaja kwetu mwanamke kijana, mke wa mmoja wa wajukuu wa Min Ouko, amebeba chungu kiunoni, akatuuliza kwa Kiswahili cha adabu tumetoka wapi. Nikamwambia mimi Migori, mwenzangu Ntimaru. Akapiga goti kidogo, akapakua, na katikati ya kunde na maziwa nikaona vile vipande, wekundu wake umebaki pembeni tu, unene wa kidole.

"Karibuni muonje, Mama," akasema. "Hii ni mboga yetu ya hapa, ya tangu zamani. Kwenu hakuna."

Bhoke alinikanyaga mguu. Niliangalia sahani mpaka macho yakaacha kuona vizuri, nikasema kweli, kwetu hakuna, na nikamwomba aniongeze.